Mwamba wa Goli

Mwalimu Otiato aliagiza magoli mawili
ya shule ya wasichana, kule mlimani Kajulu.
Milingoti minne, miamba miwili,
bomba la inchi nne, rangi nyeupe.
Akalipa mia tano za kuanzia
na kutoa picha kwenye bahasha ya kaki.

Nilidhani ni mchoro wa kazi.
Kumbe ni giza tupu, na ndani yake
maziwa yaliyokorogwa yakasahauliwa yakizunguka.
"Galaksi," akasema, "ya parafujo.
Lakini tazama katikati. Ina mwamba."
Akaupitisha ukucha juu yake
kutoka bega la mwanga hadi bega la mwanga.

Mimi Nerea Agutu, miaka kumi na tisa hapa Kibuye,
nimeunga mageti ya wenye nacho
na vitanda vya wasio nacho.
Mwamba naujua. Mwamba hushikilia.
Uondoe, milingoti inabaki
kama wageni wawili kwenye foleni ya benki.

Wa huko, asema, hautulii.
Unazunguka, na ukizunguka unavuta,
unakokota gesi kutoka mikono mirefu
mpaka kitovuni,
na inapobanana ikakosa pa kwenda
nyota huzaliwa.
Madoa ya waridi ni mawingu
yanayowaka kwa sababu ya watoto walio ndani.
Ya samawati ni nyota changa, nzito, zenye pupa,
zinazokula akiba ya ukoo mzima asubuhi moja.

Nikashusha ngao usoni.
Fimbo ikagusa chuma.
Samawati ileile.
Cheche zikaruka hadi kwa muuza omena,
akanitusi kwa jina la nyanya yangu,
kama kawaida yake.

Nikauliza salio.
"Pesa imeshatoka wizarani. Ipo njiani."
Hiyo ilikuwa Februari.
Mvua ndefu ikaja, ikatia kutu miamba yangu.
Aprili, ipo njiani.
Juni, nikimpigia, simu inaita
mpaka inachoka yenyewe.

Julai akaja, soli zimejaa tope jekundu.
Nikamwonyesha picha yake ukutani:
na mwanga huu, ulitoka lini?
Akatazama chini.
"Miaka milioni sitini."
Tukacheka, mimi kwa hasira, yeye kwa aibu,
muuza omena kwa sababu tumecheka.

"Basi hizi za samawati?"
"Zilizimika zamani. Mwanga wao
haukuwa umefika hata robo ya njia."
"Na zilizofuata?"
"Zilizaliwa, zikafa, zikazaliwa nyingine.
Mwamba bado unavuta." Akanyamaza.
"Nadhani."
Kwa hiyo "nadhani"
nikamwamini kuliko risiti yoyote.

Novemba nikapiga msasa, nikapaka rangi,
nikakodi mkokoteni kwa deni langu mwenyewe.
Wabwire akivuta, mimi nikisukuma,
Kajulu ikitupandia kifuani.
Tulichimba mashimo manne, tukamimina zege.
Siku ya tatu tukaondoa vigingi.
Hakukuwa na wavu.
Wavu nao upo njiani.

Asewe, nahodha, ndiye aliyeandika
barua ya kuomba magoli, akiwa kidato cha pili.
Siku hiyo alitoka kwenye mtihani wa mwisho wa kemia,
wino vidoleni, sketi ya shule,
viatu akavivua.
Hakuuliza aliyelipa.
Akaweka mpira kwenye nyasi, akarudi hatua tano.

Mpira ukagonga mwamba.

Ukalia, sauti ndefu, nyembamba,
ikateremka kwenye milingoti mpaka kwenye zege.
Nikaweka kiganja juu ya kiungo changu.
Kilikuwa bado kinatetemeka
na yeye alishaokota viatu,
alishafika getini.